Mashine Moja ya Mkononi na ya Kwenye Tivii: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Hapa Moshi

Nina chumba cha gemu Majengo, Moshi. Ukutani zipo tivii nne, katikati mabenchi ya mbao, na kwenye kona kuna meza ya ufundi ninapofungulia pedi zilizogoma. Zamani mtu akiingia alikuwa anauliza, "Fundi, PS ipi nzuri kwa bei hii?" Siku hizi swali limegeuka: "Ile unayoichomoa kwenye tivii ukaondoka nayo mkononi, ina maana kweli au ni mapambo?" Nimelijibu dirishani, nimelijibu kwa simu, nimelijibu hata msibani. Hapa nimeweka majibu yote pamoja, na nimeyaandika kama ninavyomweleza mteja aliyekaa mbele yangu.

Hiyo mashine ya mbili kwa moja ni nini hasa?

Iliyofungua njia kwa kishindo ni Nintendo Switch, iliyoingia sokoni tarehe 3 Machi 2017 kwa dola 299.99. Ni kibao chenye kioo cha inchi 6.2, pembeni kina pedi mbili ndogo zinazochomoka, zinaitwa Joy-Con. Ukitaka tivii unakidumbukiza kwenye doki, picha inahamia kwenye tivii. Ukikitoa, picha inarudi kwenye kioo hapo hapo na mchezo unaendelea ulipoishia.

Wateja wengi wanadhani nguvu ya mashine iko kwenye doki. Hapana. Doki ni njia ya kupitia tu: upande mmoja inapokea umeme, upande mwingine inatoa waya wa HDMI. Chipu, gemu na betri vyote vimo kwenye kibao. Kinachobadilika ni mwendo wa chipu. Ikiwa mkononi inajibana ili betri isiishe haraka wala mikono isiungue, ikikaa kwenye doki inafunguka. Sehemu inayochora picha hukimbia hadi megahezi 768 ikiwa kwenye doki, na mkononi kwa kawaida hushuka mpaka karibu nusu ya hapo au chini zaidi. Ndiyo maana picha ya mkononi ni ya 720p na ya tivii inaweza kufika 1080p, yaani kali zaidi.

Angalizo la haraka: Switch Lite ya mwaka 2019 haiunganishwi kwenye tivii kabisa. Ni ya mkononi tu. Nimeona watu wakinunua Lite kisha wanakuja kuniulizia doki, na roho inaniuma kuwaambia ukweli.

Kama wazo ni zuri hivi, mbona halikufanyika zamani?

Lilijaribiwa, tena mara nyingi.

Mwaka 1990 kampuni ya NEC ilitoa TurboExpress, mashine ya mkononi iliyocheza kadi zile zile za konsoli yao ya nyumbani. Mwaka 1994 Nintendo ikaja na Super Game Boy, kifaa unachochomeka kwenye Super Nintendo ili gemu za Game Boy, mashine yao ya mkononi, zionekane kwenye tivii. Mwaka uliofuata Sega ikauza Nomad huko Marekani, na hiyo kwangu mimi ndiyo babu halisi wa Switch. Ilicheza katriji za Sega Genesis, ilikuwa na kioo chake cha rangi, ilikuwa na tundu la kupeleka picha kwenye tivii, na tundu la pedi ya mchezaji wa pili. Kila kitu kilikuwepo. Lakini ilikula betri sita ndogo za AA kwa saa mbili au tatu tu. Hebu piga hesabu: betri sita mpya kila ukitaka kucheza jioni moja. Nani angeweza?

Kisha Sony nao wakapita njia hiyo. PSP ilitoka Japani mwaka 2004, na toleo la 2007 likaweza kutoa picha kwenye tivii kwa waya. Hapa kwetu PSP zilifika nyingi na mpira wake ukapendwa sana, ila sikumbuki mtu hata mmoja aliyeichomeka kwenye tivii. Aliyekuwa na tivii na pesa alinunua PS2.

Nintendo wenyewe walianguka mwaka 2012 na Wii U. Ilikuja na pedi kubwa yenye kioo cha inchi 6.2, ukawa unaweza kucheza bila tivii, lakini ukitoka sebuleni picha inakatika kwa sababu ubongo ulibaki kwenye boksi. Ziliuzwa milioni 13.56 tu, wakati Wii iliyotangulia ilivuka milioni 100.

Nadhani jambo kubwa lilitokea ofisini, kabla halijafika dukani. Nintendo walikuwa na mafundi wa mashine za mkononi huku na wa mashine za nyumbani kule, na kila upande ulitengenezewa gemu zake. Mwaka 2013, chini ya Satoru Iwata, idara hizo mbili ziliunganishwa. Iwata alifariki Julai 2015, hakuiona Switch ikiingia sokoni. Lakini timu zilipokuwa moja, gemu nazo zikawa za rafu moja, na hapo ndipo mashine moja ikawa na maana. Switch imeuzwa zaidi ya milioni 150. Ukitaka kuelewa kila jibu linalofuata, shika hili: kilichounganishwa ni gemu na hatua ulizofikia. Plastiki ilifuata baadaye.

Kwa nini wasichukue PS5 wakaitia betri?

Swali hili naulizwa na vijana wa sekondari, na nalipenda kwa sababu jibu lake ni hesabu ya darasani.

PS5 ikicheza gemu nzito inakula takriban wati 200. Betri ya Switch ya kwanza inabeba nishati ya wati-saa 16 hivi. Gawanya 16 kwa 200: unapata dakika tano. Hujamaliza hata kupanga kikosi. Chukua betri kubwa zaidi, ile ya Steam Deck ya kwanza, kompyuta ya kuchezea mkononi, yenye wati-saa 40: dakika kumi na mbili. Na hapo bado hujauliza joto la wati 200 litatokea wapi wakati umeshika kitu hicho kwa viganja viwili. PS5 ni kubwa vile kwa sababu sehemu kubwa ya tumbo lake ni feni na mabati ya kupoozea.

Kwa hiyo mashine ya mkononi lazima ijifunze kufanya mengi kwa umeme kidogo. Mbinu inayosaidia sasa ni ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili ya kompyuta inayokisia sehemu zilizokosekana. Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449.99, inatumia mbinu ya Nvidia inayoitwa DLSS. Kioo chake ni inchi 7.9 cha 1080p, na kwenye tivii inaweza kufika 4K. Lakini usidanganyike, betri bado ni betri: wenyewe Nintendo wanasema saa mbili hadi sita na nusu kutegemea gemu. Ukipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Dar na gemu nzito, itazimika kabla hujamaliza mkoa wa Kilimanjaro na Tanga.

Kwa familia ya hapa, ina faida gani ya kweli?

Zipo mbili, na zote nimeziona kwa macho.

Ya kwanza ni tivii. Nyumba nyingi tunazozijua zina tivii moja, ipo sebuleni, na si ya mtoto. Ikifika saa mbili usiku mzee anataka taarifa ya habari. Baada ya hapo mama ana tamthilia yake. Mwenye PS anazima, tena mara nyingi kabla hajasevu, na ugomvi unaanzia hapo. Mwenye Switch anachomoa kibao, anahamia kwenye kiti cha pembeni, anavaa spika za masikioni, mechi inaendelea. Mama mmoja wa Pasua aliniambia hilo peke yake limeleta amani nyumbani kwake.

Ya pili ni umeme. Mashine ya mkononi haishtuki umeme ukikatika. Switch ikiwa kwenye doki umeme ukaondoka, tivii inazima lakini kibao hakizimi, unakinyanyua tu. PS ikizimwa hivyo katikati ya kuandika data, diski inaweza kuharibika. Hapa mezani kwangu nimeshapokea kadhaa za namna hiyo.

Halafu kuna matumizi. Switch ya kwanza ikiwa kwenye doki haifiki wati 20. PS5 ya wati 200 inamaliza uniti moja ya Luku kwa saa tano. Switch kwa uniti hiyo hiyo inacheza zaidi ya saa 50. Tivii yenyewe hesabu yake ni nyingine, lakini ukicheza mkononi tivii haipo kwenye hesabu kabisa. Wenye sola ndogo huko milimani mnanielewa. Inverta inayolia ikibebeshwa PS haisikii chochote ikiichaji Switch.

Pawabenki ya Taipu C inaichaji vizuri ikiwa mkononi. Kwenye doki ni tofauti: doki ya Switch inataka chaja inayotoa volti 15, na Switch 2 inakuja na chaja ya wati 60. Chaja ya simu ya kawaida haitaleta picha kwenye tivii hata ukiiombea.

Mpira upo?

Najua ndilo swali lenyewe, hayo mengine mnazunguka tu.

Upo, ila soma kwa makini. FIFA ilikuwa inatoka kwenye Switch tangu 2017, lakini kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23 toleo la Switch liliitwa "Legacy": jezi na vikosi vipya, mchezo ule ule wa zamani. Waliolipa bei kamili waliumia. EA Sports FC 24, ndilo jina jipya la FIFA, ndiyo iliyorudisha mchezo wenyewe kwenye injini mpya, na FC 26 ipo kwenye Switch na Switch 2. Ukiilinganisha na PS5, nyasi na nyuso zimepungua, lakini mpira unachezeka. Usitegemee tu kumkuta rafiki yako wa PS5 mtandaoni mkacheze pamoja.

Kwenye Steam Deck hali ni mbaya zaidi kwa mpenda mpira, na wauzaji hawakuambii. Steam Deck inatumia SteamOS, ambayo ni mfumo wa Linux, si Windows. Programu ya EA ya kuzuia wadanganyifu haikubali Linux, kwa hiyo FC mpya hazifunguki humo isipokuwa uweke Windows mwenyewe. Mtu ametoka Arusha, amenunua Steam Deck kwa ajili ya mpira peke yake, akaja kwangu akidhani imeharibika. Haikuwa na kosa lolote. Alihitaji mtu wa kumwambia kabla.

Ukiwa unataka chumba cha biashara kama changu, cha kulipia kwa mechi, baki na PS. Wateja wanaijua pedi yake mikononi. Na Joy-Con zile ndogo hazivumilii mikono ya vijana wanaoshindania Sh 500.

Simu yangu si tayari ni mashine ya mkononi? Kwa nini nisiichomeke tu kwenye tivii?

Kwa vijana wengi wa Moshi na Arusha, simu ndiyo konsoli yao ya kwanza. Programu ya PPSSPP, iliyoanza 2012, imefanya gemu za PSP zichezwe kwenye Android za bei ya kawaida, na benchi lolote la bodaboda lina mtu mwenye mpira wa PSP kwenye memori kadi. Kusema kweli, nyingi ya gemu hizo zimenakiliwa bila ruhusa, na anayezitengeneza hapati kitu. Programu yenyewe ni halali.

Pedi ya PS4 inashika kwenye simu kwa Bluetooth kama ni Android 10 kwenda juu. Kikwazo ni kupeleka picha kwenye tivii. Tundu la Taipu C kwenye simu za bei nafuu kwa kawaida ni la chaji na mafaili tu, halitoi picha. Ukinunua waya wa Taipu C kwenda HDMI pale stendi, ujaribu kwanza kwenye simu yako hapo hapo kabla hujalipa. Njia ya waifai ipo, lakini picha inachelewa: unapiga shuti, kipa ameshadaka, ndipo unaona mguu ukinyanyuka.

Steam Deck, ROG Ally, PlayStation Portal: zote si mbili kwa moja?

Zinafanana kwa sura, si kwa tumbo.

Steam Deck ya Valve ilianza kufikia wanunuzi Februari 2022. Ni kompyuta kamili yenye umbo la mashine ya mkononi, na ukiongeza doki inakaa kwenye tivii. Uzuri wake ni kwamba gemu nyingi ulizonunua kwenye Steam, duka la mtandaoni la Valve, miaka kumi iliyopita zinachezeka humo, na hatua ulizosevu zinahama kupitia mtandao kati yake na kompyuta ya mezani.

ROG Ally ya ASUS ilitoka 2023 ikiwa na Windows. Oktoba 2025 ikaja ROG Xbox Ally yenye jina la Xbox ubavuni, na hapo watu wanachanganyikiwa. Si Xbox ya mkononi. Inacheza gemu za kompyuta. Gemu ya Xbox isiyo na toleo la kompyuta haitacheza humo moja kwa moja, hata kama diski unayo kabatini.

PlayStation Portal ya Novemba 2023 ni kitu kingine kabisa. Ilitoka kwa dola 199.99, na unapata kioo kizuri cha inchi 8 kati ya vipande viwili vya pedi ya PS5, lakini gemu haiishi humo. Inapokea picha kwa intaneti, kutoka PS5 yako au kwenye seva za Sony. Waifai ikiyumba, mchezo unayumba. Mwenye faiba nyumbani Njiro au Shanty Town ataifurahia. Ukiwa unaishi kwa bando la simu, tafadhali usinunue.

Kijiti kinatembea chenyewe. Ni ugonjwa gani?

Hili ndilo tatizo linaloleta Joy-Con nyingi mezani kwangu kuliko jingine lolote, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Bwana mdogo mmoja wa Njoro alileta Joy-Con ya kushoto. Mchezaji wake alikuwa anateleza kwenda kushoto bila kuguswa. Nyuma kuna skrubu nne ndogo zenye kichwa cha mikato mitatu, kama herufi Y. Ukitumia bisibisi ya kawaida unazikata na hutazifungua tena. Ukishainua mfuniko unakutana na betri na nyaya bapa nyembamba kama utepe wa kaseti, unazitoa kwa kibano, polepole. Kijiti chenyewe ni kiboksi kidogo. Nilipokifungua, ndani kulikuwa na mistari miwili myeusi ya kaboni ambayo vyuma vidogo husugua kila unaposukuma kijiti. Mstari mmoja ulikuwa umeng'aa katikati, umelika, na pembeni yake kulikuwa na unga mweusi kama wa penseli iliyochongwa. Mashine inasoma mlalo wa kijiti kwa kupima umeme unaopita kwenye kaboni hiyo. Kaboni ikilika, kipimo kinadanganya, na mashine inaamini umesukuma.

Kupuliza kwa mdomo hakusaidii, mate yanaongeza kutu. Dawa ya kusafishia umeme inatuliza kwa wiki chache. Tiba ni kubadilisha kijiti, na ukibadilisha weka cha sumaku: hicho kinapima kwa sumaku bila kusuguana, hakiliki namna hiyo. Niliwahi kupokea furushi la vijiti "vya sumaku" kutoka kwa msambazaji mmoja, nikafungua kimoja, nikakuta kaboni ile ile. Sasa nafungua kimoja katika kila furushi kabla sijamwekea mteja.

Na vumbi la kiangazi, jamani. Switch ina feni, inavuta hewa na kila kilichomo. Usiicheze dirishani kwenye barabara ya vumbi ukidhani ni simu.

Nanunua iliyotumika. Niangalie nini?

Ijaribu kwa namna zote mbili ukiwa dukani, mkononi na kwenye tivii. Muuzaji akisema doki imesahaulika nyumbani, mwambie utarudi ikishapatikana. Chomoa Joy-Con zote mbili, ziache mezani, uone kama bado zinatii. Chomeka chaja na utikise kidogo: tundu la Taipu C lililolegea ni kazi ngumu ya kuchomelea.

Doki usinunue ya jina usilolijua. Mwaka 2018, baada ya sasisho la 5.0, doki za makampuni mengine ziliua Switch za watu kwa kupitisha umeme usio sahihi.

Switch nyingi za mwanzo, zilizotengenezwa kabla ya katikati ya 2018, zina kasoro kwenye chipu inayoruhusu kuchakachuliwa, na haiwezi kuzibwa kwa sasisho. Ukiuziwa iliyojaa gemu za bure, ujue huenda imeshafungiwa mtandao wa Nintendo, na kifungo hicho hakiondoki kwa kubadilisha akaunti.

Kuhusu zinazotoka Japani: Switch 2 ya soko la Japani ilitoka 2025 kwa bei nafuu, yen 49,980, lakini lugha yake ni Kijapani tu na inataka akaunti ya Japani. Washa, angalia lugha, ndipo utoe hela. Katriji zenyewe hazibagui nchi, unaweza kununua ya Dubai ukaicheza Moshi.

Bando litatosha?

Ukinunua katriji yenye gemu ndani, unacheza hata bila intaneti, na hapa kwetu naona ndiyo njia ya busara. Lakini kwenye Switch 2 kuna kadi za namna mpya ambazo ndani zina ufunguo tu, gemu yenyewe lazima uipakue. Boksi lina maandishi ya kukuambia, yatafute upande wa mbele chini. Gemu moja kubwa inaweza kuwa GB 50 na zaidi. Mteja aliyedhani amenunua gemu akakuta amenunua ruhusa ya kuipakua, alikaa hapa kwangu usiku mzima akitumia waifai.

Kingine: Switch 2 haipokei memori kadi za kawaida kwa gemu. Inataka za microSD Express, ambazo ni ghali. Usinunue ya simu ukadhani itaingia.

Kusevu kwenye mtandao ni kwa kulipia, dola 19.99 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Ukipoteza kibao bila kulipia hiyo, kila ulichofikia kimeenda nacho. Kitu cha mkononi hupotea, PS haisahauliki kwenye daladala.

Huko mbele PlayStation na Xbox nao watakuwa na mashine moja?

Nitasema ninavyoona. Konsoli kubwa ya tivii haifi, kwa sababu hesabu ya wati niliyotoa juu haitabadilika karibuni. Lakini ukuta kati ya gemu za mkononi na za nyumbani umeshaanguka. Angalia Valve: walianza na mashine ya mkononi, kisha Novemba 2025 wakatangaza Steam Machine, boksi la kukaa chini ya tivii, lenye SteamOS ile ile na gemu zile zile. Vitu viwili, rafu moja. Microsoft wanaelekea huko huko kwa kuweka jina la Xbox kwenye kompyuta za mkononi.

Kwa hiyo nadhani tutakuwa na njia mbili. Moja ni ya Nintendo, kibao kimoja kinachobeba yote. Nyingine ni ya vifaa viwili vinavyosoma akaunti moja. Mtu wa Ulaya mwenye intaneti isiyokatika atafurahia ile ya pili. Kwa mtu wa hapa, bado naamini ile ya kwanza inatufaa zaidi: kifaa kimoja cha kulipia, kimoja cha kuchaji, na gemu imo ndani, haisubiri mtandao urudi.

Mtoto atacheza hadi saa ngapi?

Switch ina programu ya mzazi ya kuweka kwenye simu. Unapanga dakika, unaona amecheza nini. Iweke siku ya kwanza, kabla hajazoea.

Tunapanda kijijini Desemba. Nibebe nini?

Hili nalijibu kwa moyo wote, kwa sababu mwaka juzi nilipanda na ya kwangu Kibosho na nilisahau kitu kimoja. Watoto kumi na mmoja wa ukoo, wengine kutoka Dar, wengine Arusha, na tivii ya bibi ni ile ya chogo, yenye matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Doki inatoa HDMI tu. Tulisimamisha kibao kwa mguu wake wa nyuma juu ya kigoda, nje, wakakizunguka wakisukumana kwa mabega. Joy-Con mbili zinatosha wachezaji wawili, kila mmoja anashika moja kwa ubavu. Umeme ulikatika usiku huo, hakuna aliyegundua mpaka mama alipotoka na taa kuuliza mbona kimya jikoni.

Beba kigeuzi cha HDMI kwenda AV, chenye waya wake wa umeme, kwa tivii ya namna hiyo. Maandishi madogo hayatasomeka lakini mbio za magari zitakwenda. Beba chaja yake halisi, pawabenki moja kubwa, na kiendelezi cha umeme, kwa sababu soketi ya sebuleni kwa bibi imeshikwa na friji. Gemu zipakue na uzifungue mara moja ukiwa bado mjini, uhakikishe zinawaka bila mtandao. Na kibao kiweke kwenye begi la mkononi, usikitie buti ya basi pamoja na magunia.